Aya ya Kwanza ni Shangazi

Warren, Michigan
4 Februari 2018

Shangazi Widad, macho yangu,

Keti kwanza. Vaa miwani. Umeketi? Haya: wamenichagua!

Lile gari la wagonjwa la jeshi nililokudokezea Krismasi, lenye kuta za chuma, linaloingia mpaka kwenye mapigano kuwatoa majeruhi, kampuni yetu imepewa kulitengeneza. Na mimi, Rindala Kassouf, mtoto uliyemfundisha kugawanya kwa kumkatia tufaha mezani, ndiye nitakayebuni namna machela yatakavyoning'inia ndani yake. Majeruhi asitikisike gari likipita kwenye mashimo. Ndiyo kazi yangu yote. Nimeruka ruka ofisini kama mbuzi, wenzangu wakadhani nimeng'atwa na kitu.

Ningekupigia simu, lakini najua sheria ya nyumba yako: simu ni ya kuulizana baridi na joto, jambo la maana huandikwa.

Sasa kuna mlima mmoja. Bila kibali cha usalama siruhusiwi hata kuchungulia michoro. Serikali inataka kunijua kabla ya kuniamini. Fomu ina kurasa zaidi ya mia moja: kila nyumba niliyokaa, kila kazi, na kila ndugu niliye naye nje ya Marekani. Baba yuko makaburini hapa tangu 2014. Mama nilimpoteza nikiwa na miaka minne. Aliyenilea mpaka nikafika kumi na mmoja ni wewe, na aliyebaki huko ni wewe. Kwa hiyo kuna sehemu ya fomu ambayo ni wewe mtupu.

Halafu kuna hili la uraia pacha. Nimezaliwa Zahle, kwa baba wa Zahle, kwa hiyo Lebanon bado inanihesabu kuwa wake hata kama nilikula kiapo hapa. Nimeyaandika yote, pamoja na ile pasipoti ya Lebanon niliyoihuisha tulipofuatilia urithi wa Baba. Niliogopa, lakini Bi. Pruchnik, afisa usalama wa kampuni, mama mmoja mwenye macho ya mwalimu mkuu, aliniambia: "Binti, nchi mbili si kosa. Shangazi wa ng'ambo si kosa. Kosa ni kuficha."

Nijibu haya upesi: tarehe yako ya kuzaliwa, ulikofundisha, na hili ambalo wamelikazia: je, wewe au mtu yeyote wa karibu nawe amewahi kufanya kazi jeshini, polisi, usalama, au serikalini?

Nimefurahi mpaka naandika nje ya mistari. Unaona mwandiko wenyewe.

Wako,
Rindala


Zahle
17 Februari 2018

Rindala, unizike wewe nisikuzike mimi,

Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni, unga mikononi, mpaka jirani yangu, Imm Fares, yule mama wa ghorofa ya juu, akagonga bomba akidhani nimeungua. Nikamfungulia mlango nikamwambia, "Mtoto wangu anatengeneza gari la jeshi la Marekani!" Akasema, "Zima jiko kwanza, Widad." Watu wengine hawana mshipa wa furaha.

Majibu yako haya hapa. Nimezaliwa tarehe 9 Oktoba 1950, na umri huo usiutaje kwa sauti hata mbele ya serikali. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane kwenye shule ya masista, si serikalini. Jeshini, hapana. Polisi, namjua yule kijana anayeniandikia faini za kuegesha, ila huyo si wa karibu na hatakuwa. Karibu nami hakuna mtu. Andika hivyo: hakuna.

Nimeelewa wanachokitafuta, usidhani mimi ni mjinga. Wanataka kujua kama watu wabaya wakinishika mimi wataweza kukukamua wewe. Waambie wajaribu. Nimesimamia wasichana arobaini na wawili katika darasa moja, mwaka ambao mabomu yalikuwa yanaanguka, na hakuna aliyeniibia hata chaki.

Nilikuwa na habari yangu ndogo ya kukuambia, nilishaanza hata kuiandika. Lakini yako imekuja na ngoma na zumari. Yangu itasubiri.

Vaa soksi za sufu. Na hayo machela yapime mara mbili.

Shangazi yako,
Widad


Warren
11 Machi 2018

Shangazi roho yangu,

Nimetia saini. Kila ukurasa. Chini kabisa wameandika kwamba ukidanganya kwa makusudi unaweza kufungwa, nikatia saini kwa raha zangu kwa sababu sina cha kuficha.

Na mpelelezi amekuja! Anaitwa Bwana Hoyt, mpole kama muuza maua. Ameshaongea na jirani yangu, na profesa wangu, na yule msichana niliyekaa naye chumba kimoja chuoni ambaye hatukuwa tunapatana. Kisha tukakaa mimi na yeye saa tatu nzima. Sikiliza:

"Unaongea na shangazi yako mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Mnaongea nini?"

"Hali ya hewa."

"Kila Jumapili?"

"Bwana Hoyt, wewe humjui shangazi yangu."

Akaandika. Kisha akauliza: "Ameolewa?"

"Hapana."

"Ana mchumba?"

Shangazi, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwazia umekaa kwenye mikahawa ya Berdawni kando ya mto na mwanamume anakumenyea karanga! Bwana Hoyt akangoja nimalize, akaandika, na naapa aliandika kwamba nimecheka.

Wamenipa kibali cha muda wakati uchunguzi unaendelea. Nimeiona michoro. Siwezi kukuambia hata neno moja la kilichomo, na nina hamu ya kukuambia mpaka meno yananiwasha.

Habari yako ilikuwa ipi? Usinifanye nisubiri.

Wako,
Rindala


Zahle
1 Aprili 2018, Jumapili ya Pasaka

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Nimepika maamoul, biskuti zetu za tende, trei mbili, kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kula trei mbili, nikampelekea Imm Fares moja.

Habari yangu ilikuwa ni jiko. Nimenunua jiko jipya la kuotea moto. Linapasha vizuri.

Berdawni siendi tena, kuna kelele. Na kuhusu hilo swali la mchumba, ulifanya vyema kucheka.

Nimefurahi kwamba umeiona michoro. Fanya kazi yako vizuri, hicho ndicho ninachokitaka duniani.

Widad


Zahle
20 Aprili 2018

Kwa Binti Rindala Kassouf,

Hunijui. Naitwa Nakhle Tohme, umri miaka sabini na mmoja, mgane. Ni kanali mstaafu wa jeshi la Lebanon, kikosi cha wahandisi. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kutegua mabomu ya kutegwa ardhini. Nina vidole tisa.

Nilikutana na shangazi yako mwaka juzi kwenye ofisi ya maji. Nilikuwa nimezoea kupitishwa mbele. Aliniambia mbele ya watu wote, "Kanali, foleni hii haina vyeo." Nikarudi nyuma. Wiki iliyofuata nilienda tena ofisi ile ile ingawa maji yangu yalikuwa yanatoka vizuri.

Desemba nilimwomba anioe, maana ukimjua Widad utaelewa kwamba yeye ndiye anayeoa. Alikubali mwezi wa kwanza. Tukavishana pete kimyakimya, akasema atakuandikia. Kisha ikaja barua yako. Aliniita, akaiweka pete mezani, akasema: "Nakhle, mtoto wangu anaulizwa kama ana askari karibu naye. Nimejibu hakuna. Sasa ondoka ili iwe kweli." Nikaondoka.

Nimekaa na jambo hili wiki tisa. Sikuandikii ili unirudishie mke. Nakuandikia kwa sababu Imm Fares, jirani yake, ameniambia umetia saini, akanipa na anwani yako. Kwenye kikosi changu, bomu lililoonekana na kupigiwa kelele halikumuua mtu. Lililotuua ni lile ambalo mtu aliliona akanyamaza, akidhani anawafanyia wenzake hisani. Nilizika vijana wawili kwa hisani ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1997 jeshi la nchi yako lilinipeleka Missouri miezi minne kusoma. Nilijaza fomu zao. Jina langu limo kwenye makabati yao, na siku moja mtu atalisoma jina langu kisha asome la Widad. Ni afadhali walisikie kutoka kwako.

Kwenye karatasi ya pili nimeandika majina yangu kamili, vyeo, tarehe na vituo vyote. Shangazi yako hajui kwamba nimeandika. Akijua, vidole vitakuwa vinane.

Kwa heshima,
Nakhle Tohme


Warren
3 Mei 2018

Shangazi!

MCHUMBA! Wewe! Jiko la kuotea moto! Nimecheka, nimelia, nimepiga ukuta teke, na kidole gumba bado kimevimba.

Ndiyo, ameniandikia. Usimguse. Nisikilize mimi kwanza.

Barua ilifika Jumatatu asubuhi nikienda kazini. Niliisoma garini, kwenye maegesho. Kisha nikatembea nayo mfukoni siku nzima kama kaa la moto. Sitakudanganya: nilifikiria kuichana. Nilijiambia, pete imesharudishwa, kwa hiyo nilichokiandika sasa ni kweli, kwa nini nichokoze nyuki? Nikaingia kwenye chumba cha michoro, nikaangalia machela yangu, nikaona siwezi hata kusoma namba. Nikaenda mlango wa Bi. Pruchnik kabla ya saa kumi.

"Nimeandika kitu kwenye fomu ambacho si kweli," nikamwambia. "Sikujua. Leo nimejua."

Akasoma barua ya kanali, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Kwenye vidole vinane akacheka. Kisha akavua miwani. "Umeijua lini hii?"

"Leo asubuhi."

"Na sasa ni saa tisa na nusu." Akaangalia saa ya ukutani, akaiandika. "Rindala, itabidi nipeleke taarifa juu. Unajua watakachofanya?"

"Watanichukulia kibali cha muda."

"Pengine."

Wamekichukua, Shangazi, Jumatano. Kadi yangu haifungui mlango wa ndani tena. Kosa si lako, na usithubutu kuniandikia kwamba ni lako.

Ila kuna kitu ni chako. Uliniacha nicheke. Nilipokuandikia kwamba nilicheka, ukaniambia nimefanya vyema. Nimeisoma tena barua ile ya Pasaka, yenye trei mbili za maamoul, nikaona aibu mpaka mifupani. Umeniona mimi ni mtu wa kutaka uzeeke peke yako ili mimi nipate kadi ya mlango?

Kaitwae pete yako. Leo hii. Nimeshaandika kwenye taarifa kwamba wewe ni mchumba wa kanali, kwa hiyo usipoirudisha kidoleni utakuwa umenifanya niidanganye serikali mara ya pili.

Anayekupenda na kukukasirikia,
Rindala


Zahle
19 Mei 2018

Ewe mtoto,

Nimekasirika vibaya sana, nanyi wote wawili.

Nilikwenda kwa yule msaliti mwenye vidole tisa nikiwa na barua yako mkononi. Nikamkuta juu ya ngazi anafunga mizabibu. Nikamwita: "Shuka!"

"Nitashuka ukitulia."

"Umeniharibia mtoto!"

"Nimekurudishia," akasema, na hakushuka. "Ulikuwa unampoteza kidogo kidogo, Widad. Kila Jumapili unampigia simu kumwambia mvua imenyesha."

Nikaitikisa ngazi. Ndiyo, mimi, mwalimu wa hesabu. Imm Fares aliniona kutoka barabarani na sasa mji mzima unajua. Kisha akashuka, akanishika mkono, nami nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza, na nikamwonya kwamba ni ya mwisho.

Sasa na wewe nikuambie. Siku niliyokupeleka uwanja wa ndege ulikuwa na miaka kumi na mmoja na mkoba mwekundu. Hukugeuka nyuma kwa sababu nilikuwa nimekuambia usigeuke. Nilirudi Zahle kwa basi, nikaapa kwamba sitakuwa jiwe mguuni mwako, hata siku moja. Wewe ulipoandika kuhusu askari, sikuwaza mara mbili. Nilitoa hesabu haraka: mmoja kutoa mmoja. Nilidhani ndiyo mapenzi yenyewe. Nakhle anasema nilikuwa ninajitoa mimi mwenyewe bila kukuuliza, na kwamba hesabu ya namna hiyo wanafunzi wangu ningewapa sifuri.

Pete imerudi. Harusi ni Jumamosi tarehe 15 Septemba, kanisa la Mtakatifu Eliya.

Wewe usije. Wakili yeyote mwenye akili atakuambia usije. Nasema usije, na kwa kuwa najua ulivyo, nimeshaagiza kitambaa cha gauni lako. Ni kijani.

Widad


Warren
12 Agosti 2018

Shangazi, na Mjomba Kanali,

Barua ya serikali imefika. Inaitwa Taarifa ya Sababu. Ina maana: hizi ndizo sababu zinazotufanya tusite kukuamini, jibu. Nakutafsirieni kama ilivyo.

"1(a). Shangazi yako ni raia na mkazi wa Lebanon."

"1(b). Mchumba wa shangazi yako ni raia na mkazi wa Lebanon, na ni afisa mstaafu wa jeshi la nchi hiyo."

"1(c). Unawasiliana na shangazi yako kila wiki, na una uhusiano naye wa mapenzi na wajibu."

"2(a). Una uraia wa Lebanon pamoja na wa Marekani, na una pasipoti halali ya Lebanon."

Basi. Nimeisoma mara kumi. Hakuna hata aya moja inayosema nimefanya ubaya. Ni orodha ya watu wangu, na kila mstari ni kweli. Nilitakiwa kuandika pembeni "nakubali" au "nakanusha". Nikaandika nakubali, nakubali, nakubali, nakubali. Mkono ulikuwa mzito kwenye ya tatu. Hebu fikiria kuandika "nakubali" mbele ya neno mapenzi kana kwamba ni wizi.

Nimeomba kusikilizwa na hakimu. Itachukua miezi. Kwa sasa kampuni imeniweka kwenye viti vya mabasi ya shule. Ninavitengeneza kwa moyo wote, lakini napita kila siku mbele ya ule mlango.

Wakili wangu, Bwana Ostrander, amesema kwa sauti ya kuzikia: "Usiende Lebanon kabla ya kesi. Utakuwa unawakabidhi fimbo."

Nikamuuliza, "Nikibaki, kanali anaacha kuwa kanali?"

"Hapana."

"Shangazi anaacha kuwa shangazi?"

Akafunga faili. Akasema, "Basi kaandike safari yako kwa Bi. Pruchnik kabla ya kukata tiketi, na ukirudi, kaandike kila kitu tena."

Nimeshaandika. Nafika tarehe 11 Septemba, saa nane mchana. Hilo gauni liwe na mifuko.

Wenu,
Rindala


Zahle
30 Septemba 2018

Rindala wangu,

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, ingawa sasa tumo wawili ndani yake na mmoja anakoroma.

Watu bado wanakusema. Wanasema ulicheza dabke mpaka ukamchosha padri. Wanasema Nakhle alilia kanisani, naye anakanusha, anasema ni ubani. Imm Fares anasema vigelegele vyake ndivyo vilivyokuwa virefu kuliko vyote, na safari hii nimemwachia ushindi.

Ulinisimulia ya uwanja wa ndege kama kichekesho. Yule ofisa aliifungua pasipoti yako ya Marekani, akaona umezaliwa wapi, akasema, "Karibu nyumbani, dada, wewe ni wetu." Ukasema ulimjibu asante. Lakini nilikuona ulivyoyasimulia ukiwa unatazama sahani. Na nilikuona jikoni asubuhi ya harusi, umesimama mbele ya bakuli la laban, mtindi wetu, mabega yanatikisika. Ulidhani niko chumbani navaa gauni. Sikuingia. Nilifikiri, yupo kwa ajili yangu, na huenda amelipia kwa ile kazi, na anataka nisijue.

Nimejua. Nisingependa kufichwa, nimejifunza ladha yake.

Kwa hiyo niambie ukweli siku ya hakimu ikifika, hata ukiwa mchungu.

Shangazi yako, mke wa mtu,
Widad


Warren
24 Februari 2019

Shangazi, Mjomba,

Imekwisha. Kusikilizwa, si hukumu.

Chumba kidogo, bendera moja, jagi la maji. Hakimu ni mama mwenye mvi, Bi. Lindqvist, sauti ya chini. Wakili wa serikali ni kijana, suti imenyooka, maswali yamenyooka zaidi.

"Umewahi kupiga kura Lebanon?"

"Hapana."

"Pasipoti ya Lebanon uliitumia kwenda harusini?"

"Hapana. Niliingia na kutoka kwa ya Marekani. Ile nyingine nimeileta, iko hapa, mkiitaka."

"Kwa nini hujaukana uraia wa Lebanon?"

Bwana Ostrander alikuwa amenipa jibu refu lenye vifungu. Likanitoka kichwani. Nikasema, "Kwa sababu nikiukana asubuhi, jioni nitakuwa na shangazi yule yule."

Hakimu akainua kichwa. Sikujua kama nimejichimbia kaburi.

Wakili wa serikali akaja kwenye swali lenyewe. Nilijua litakuja, nalo halikupungua uzito. "Bi. Kassouf, tuseme watu wamemshika shangazi yako Zahle. Wanakupigia simu. Wanataka mchoro mmoja tu. Ungefanya nini?"

Jibu nililofundishwa ni hili: ningechagua Marekani bila kusita. Nikafungua mdomo, nalo likagoma. Nikakuona juu ya kiti chako cha jikoni. Wakili wangu akaanza kukohoa.

Nikasema, "Ningesita. Ningeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Halafu ningewapigia simu ninyi, siku ile ile, niwaambie yote, kwa sababu mimi peke yangu nikiwa na siri siwezi kumwokoa mtu. Kisha ningekaa chini nilie."

"Tutajuaje kwamba ungetuambia?"

"Kwa sababu nimeshafanya. Mwaka jana nilikuwa na barua mfukoni ambayo hakuna mtu nchi hii aliyekuwa anaijua. Ningeichana, nisingekuwa hapa leo. Niliogopa siku nzima, kisha nikaileta saa tisa na nusu. Bi. Pruchnik aliiandika saa yenyewe."

Bi. Pruchnik akaitwa shahidi. Alivaa koti la kanisani. Hakimu akamuuliza, "Katika kazi yako, ni wangapi wanakuja wenyewe kabla hawajaulizwa?"

"Mheshimiwa, miaka kumi na tisa," akasema. "Wengi huja baada ya kukamatwa. Huyu alikuja kabla hata sijamaliza kahawa ya mchana."

Tukatoka nje. Theluji imejaa mpaka magotini. Bwana Ostrander akasema hajui kama nimeshinda au nimejimaliza, nami nikamjibu kwamba sijui vilevile, na nikagundua nina njaa kama mtu aliyetoka kufunga. Nimekula sahani mbili za kibbeh kwenye mkahawa wa mzee mmoja Mlebanoni huko Sterling Heights, nimesimama.

Uliomba ukweli. Ukweli ni kwamba nilisema ningesita. Liko kwenye kumbukumbu za serikali sasa. Naweza kukosa kila kitu kwa neno hilo moja, na bado nisingelirudisha.

Wenu,
Rindala


Warren
14 Aprili 2019

NIMEPATA!

Shangazi, nimepata, nimepata! Kibali kamili! Bi. Pruchnik alinipigia simu akasema, "Njoo, na ukimbie." Nikakimbia kwenye korido na viatu vya kisigino. Gari la wagonjwa limesonga mbele bila mimi mwaka huu, machela wamempa mtu mwingine, na sitasema haikuniuma. Lakini kuna gari la pili linakuja na wananitaka nalo tangu mwanzo. Ijumaa kadi yangu ilifungua ule mlango. Niliufunga, nikaufungua tena. Mlinzi akaniambia, "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana, naujaribu tu.

Nimewatumia hukumu yote, kurasa kumi na moja. Mjomba atakusomea, Kiingereza chake cha Missouri kinatosha. Msiruke ukurasa wa nane.

Nawabusu wote wawili, macho na vidole vyote,
Rindala


Zahle
27 Aprili 2019

Mwanangu, mshindi wangu,

Safari hii Imm Fares hakugonga bomba. Alishuka mwenyewe tukapiga vigelegele pamoja dirishani, mpaka muuza gesi akasimamisha gari lake akaanza kupiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Nakhle alinisomea yote sebuleni, kwa sauti ya gwaride, akitafsiri. Kurasa saba za kwanza ni sheria, zilinipa usingizi, nikaenda kuchemsha kahawa. Akaniita nirudi. Ukurasa wa nane, chini ya kichwa kinachosema mambo yaliyothibitishwa, hakimu ameandika: "Mwombaji anampenda shangazi yake kama mama, na hakujaribu kulificha hilo wakati ambapo kulificha kungemfaa. Ninaamini kwamba mtu anayesema ukweli juu ya anayempenda zaidi atasema ukweli juu ya mengine."

Akanisomea mara mbili. Kisha nikamnyang'anya karatasi nikaitazama mwenyewe, ingawa Kiingereza changu ni cha namba tu. Neno "aunt" nalijua. Liko hapo, limepigwa chapa.

Sasa niambie, hawa watu wako. Wametuma wapelelezi, wameita mashahidi, wameandika kurasa kumi na moja, mwaka mzima na miezi miwili, ili wathibitishe kwamba unanipenda. Wangekuja kwangu ningewaambia siku ya kwanza, kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Widad